Kompyuta Iliyonidhania Mzee Kikoti

Kompyuta ya Mzee Kikoti ilinifungukia mimi mchana kweupe, siku ya pili ya msiba wake, watu wamejaa uani, na mimi nilikuwa natania tu.

Ngoja nieleze vizuri. Naitwa Osmund Mbano, Mngoni, ingawa nimezaliwa hapahapa Iringa, mtaa wa Kihesa. Mzee Aidan Kikoti alikuwa jirani yetu, Mhehe, fundi wa mabati ya jua, yale ya kuezekea yanayotengeneza umeme. Sasa Wangoni na Wahehe ni watani. Msiba wa Mhehe ukikosa Mngoni wa kuvuruga mambo, huo siyo msiba, huo ni mkutano wa shule. Kwa hiyo niliposikia amefariki nililia chumbani kwetu mpaka nikachoka, nikanawa uso, nikaenda kazini. Na kazi ya mtani inajulikana: unavaa nguo za marehemu, halafu unakuwa marehemu.

Nikachukua koti lake la kaki lenye mifuko kila mahali, na kofia yake ya sufu. Nikatoka ndani navuta mguu wa kulia kama yeye, kiuno nimekiacha nyuma kidogo kama yeye, nikakohoa mara mbili kama yeye. Akina mama waliokuwa wanamenya viazi wakaanza kucheka hata sijasema kitu.

"Nani kagusa bisibisi yangu?" nikanguruma.

Basi, uwanja mzima ukaanguka. Hiyo bisibisi ndiyo ilikuwa salamu yake ya kila siku, mtaa wote ulikuwa unaisikia. Shangazi mtu, dada yake marehemu, akakaa chini kwenye vumbi na kisu mkononi, machozi yanatoka, hujui ni ya kilio au ya kicheko.

"Mngoni wewe, laana!" akapiga kelele. "Mmetembea kwa miguu kutoka Afrika Kusini yote ile mje mtuchekeshe msibani!"

"Tumekuja kuwazikia watu wenu," nikamjibu kwa sauti ya kaka yake. "Nyie wenyewe mkishapiga ulanzi hata kaburi hamlioni!"

Nikaenda mpaka kwenye meza yake ya ufundi pale barazani, nikajitupa kwenye kiti, nikakisukuma kwa kisigino maana alikuwa anagombana na kile kiti kila akikaa. Na hapo ndipo kioo cha kompyuta kikawaka.

"Mwenyewe yupo," ikasema. "Karibu, mzee."

Kicheko kikakatika. Mtu mmoja akaanza kusali. Na mimi nikabaki mdomo wazi, kofia ya marehemu kichwani, kiganja kimeangukia kwenye kioo, juu ya neno Ruhusu.

Kwenye kile kimya tukasikia sauti ya mtoto. Ilikuwa ni Kadia, binti wa Mzee Kikoti, kaketi mkekani pembeni ya mama yake. Kashika masikio kwa mikono miwili.

"Mama," akasema, "kwani walikuwa wanacheka nini?"

Mama yake akamgeukia polepole. Kadia alikuwa hasikii kitu chochote tangu jana yake asubuhi.

*

Sasa hapa lazima nizungumzie mambo ya mashine kidogo, mnivumilie.

Enzi za bibi yangu, kompyuta ilikuwa na nywila. Unaandika neno la siri ndipo inakufungulia. Bibi anasema watu walikuwa wanasahau hayo maneno kila siku, wengine wanaandika kwenye karatasi wanabandika hapohapo kwenye kompyuta, yaani mtu anafunga mlango halafu ufunguo anauning'iniza kwenye kitasa. Ndipo ukaja huu mfumo tunaoutumia sasa, unaitwa Mwenyewe. Mwenyewe hauulizi kitu. Unakuangalia unavyokuja, unavyokaa, unavyohema, unavyokohoa, sauti yako ikipanda na ikishuka. Ukiwa ni wewe, unafungua. Usipokuwa wewe, hata ulie.

Tangu nimalize form four mimi ndiye ninayeseti Mwenyewe mtaani kwetu. Siyo kazi ngumu. Mtu anatembea mbele ya kompyuta, anakaa, anaongea upuuzi wake, anacheka. Ikishamjua, inamuomba mambo mawili. La kwanza, ifute ile nywila ya zamani ili wezi wasiwe na cha kuiba. Hapo kila mtu anakubali. La pili, ataje mrithi, yaani mtu ambaye mashine itamfungulia siku mwenyewe akiwa hayupo tena.

Hapo ndipo watu wangu wa Kihesa wanaponiangalia kama nimeingia na jeneza sebuleni.

Mzee Kikoti nilimsetia mimi. "Mzee," nikamwambia, "hapa inataka mrithi."

"Mrithi wa nini? Nimekufa?"

"Hapana mzee, ni kwa ajili ya..."

"Kijana, unanichuria?"

Akanyoosha kidole chake kinene akabonyeza neno Ruka. Mtaa mzima umebonyeza Ruka. Mwalimu amebonyeza Ruka, mwinjilisti naye karuka, huku anakemea.

Kwa hiyo Mzee Kikoti akafa bila nywila na bila mrithi. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo la picha na nyimbo tu. Kwake yeye ilikuwa masikio ya mtoto.

Kadia alizaliwa hasikii. Baba yake akahangaika mpaka akapata vile vidude vinavyopandikizwa nyuma ya sikio, vinaingia mpaka kwenye mshipa wa ubongo. Madaktari walipasua wakaviweka, lakini kuvirekebisha akawa anavirekebisha yeye mwenyewe, kwa kompyuta yake, maana ni fundi na hamwamini mtu. Na kuna sheria: kitu kinachogusa ubongo lazima kiidhinishwe kila asubuhi. Mlezi anakaa, anaangalia mishipa imelalaje, anaruhusu sauti ya siku hiyo. Asiporuhusu, vinajizima vyenyewe visije vikaunguza. Na vinasikiliza kompyuta moja tu, hiyohiyo vilivyofungiwa.

Hospitali walimwambia Mama Kadia kwamba kubadilisha ni kupasua tena kichwa, na kwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kupasua mara ya pili anaweza akatoka hana hata la kushoto wala la kulia. Akarudi nyumbani, akapanga vyombo vya msiba, hakumwambia mtu.

Halafu mimi nikaja na koti.

*

Kesho yake asubuhi Mama Kadia alinitumia mtu. Nikamkuta kasimama jikoni, kanga ya msiba kichwani, macho yamevimba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Osmund, lile koti bado unalo?"

"Ninalo."

"Livae."

Nikavaa, nikavuta mguu, nikakohoa, nikagombana na kiti. *Mwenyewe yupo.* Ikaleta mishipa ya Kadia kwenye kioo, mistari ya kijani kama majani ya mahindi, nikaruhusu. Ndani Kadia akasema, "Jogoo!" kwa sauti ya mtu aliyeona rafiki yake stendi.

Nikatoka nimevimba kichwa. Mtu nimemaliza shule sina mbele wala nyuma, siku nzima nazunguka, leo nimemrudishia mtoto masikio kwa kukohoa. Nikataka kumwambia Mama Kadia kitu cha kuchekesha. Nikakuta kaenda nyuma ya nyumba. Nilikuja kugundua kwamba kila nikivaa lile koti yeye anatoka, harudi mpaka nimelivua.

Shida ikaanza siku iliyofuata.

Nimekaa, ikanifungulia, ikasema, "Karibu, mzee. Hongera, mguu wako unaendelea vizuri."

Nikacheka. Halafu kicheko kikaganda. Ikaanza kupiga muziki. Kila asubuhi ilikuwa inampigia Mzee Kikoti kwaya, ile ya parokia ya Kihesa, mpaka sisi majirani tumeikariri. Safari hii ikapiga singeli. Singeli ninayoipenda mimi.

Mama Kadia akatokea mlangoni. Hakujali koti.

"Kwaya iko wapi?"

"Mama, sijagusa kitu."

"Nimekuuliza kwaya iko wapi, Osmund?"

Ikabidi nimweleze, na hapo ndipo na mimi mwenyewe nilipoelewa. Mwenyewe hauchukui picha moja ukaiweka. Unajifunza. Watu wanabadilika: mtu anazeeka, anaota kitambi, anang'oka meno, kwa hiyo kila ukiingia mashine inajirekebisha kidogo ikufuate. Na kwa siku hizo mbili tatu ilikuwa inanifuata mimi. Ilidhani Mzee Kikoti anarudi ujana. Kila asubuhi nikikaa pale, Mzee Kikoti aliyemo ndani anapungua, Osmund anaongezeka.

Mama Kadia akakaa kwenye kile kistuli kidogo pembeni ya meza. Singeli inapiga kelele, nikaizima.

"Unajua kwa nini alikuwa anakohoa mara mbili?" akaniuliza.

"Nilidhani kifua."

"Ya kwanza ndiyo kifua. Ya pili alikuwa ananikohoa mimi. Nitoke nimuulize, vipi, umekunywa dawa? Miaka yote hiyo hajawahi kuniita, anakohoa tu." Akaiangalia ile kompyuta kama mtu anavyomwangalia mgeni aliyekalia kiti cha baba. "Anayejua hivyo ni mimi na hili dude. Na wewe unalifundisha upuuzi."

Nikasema, "Mama, niache?"

"Ukiacha, mtoto?"

Kesho yake asubuhi nikalivaa tena.

*

Kwa hiyo nikachimba. Mambo ya mashine ndiyo kitu pekee ninachokijua, nikachimba kila kona ya ule mfumo mpaka nikaona njia. Ilikuwepo, na imeandikwa wazi: Hamisha umiliki. Mwenye mashine anakaa, anasema nampa fulani, basi. Matatizo ni mawili. Kompyuta ya Mzee Kikoti ni ya bei rahisi, inabeba mtu mmoja tu. Ikijifunza mtu mpya, wa zamani inamfuta. Kikohozi, mguu, kwaya, vyote. La pili, lazima mwenyewe akubali kwa mdomo wake. Na muda hatuna: Jumamosi tunamaliza matanga, mtendaji wa mtaa anakuja kuandikisha kifo. Kifo kikishaandikwa, mashine ya marehemu inajifunga na haifunguki tena kwa mtu yeyote, mpaka dunia iishe.

Ijumaa jioni nikawaeleza wote barazani. Mama Kadia, Kadia mwenyewe, na Baba mdogo Gaitani, mdogo wake marehemu, mzee mpole anayeongea kama anapima maneno kwenye mizani.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mtani, nikuulize kitu?"

"Niulize, baba mdogo."

"Juzi makaburini uliingia kaburini ukalala, ukagoma kutoka mpaka tukupe kuku. Nilikukasirikia?"

"Hapana."

"Umevaa koti la kaka yangu. Nimekunyang'anya? Umemwigiza mpaka dada yangu kakaa kwenye vumbi. Nilicheka mwenyewe mpaka nikaumwa mbavu. Hiyo ni haki yako, Mungu akubariki, hata kama ni Mngoni." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Lakini kusema ndiyo kwa niaba yake? Aseme ndiyo wakati amelala kule chini? Huo siyo utani. Kule Ipogolo kuna kijana alijifanya baba yake mbele ya mashine, shamba la ukoo likaenda. Lilianza hivihivi, kwa nia njema, eti baba mwenyewe angekubali. Mtu aliyekufa amebakiwa na kitu kimoja tu, kwamba hatumlazimishi tena kusema. Nyie mnataka mumnyang'anye na hicho?"

"Na mtoto?" akasema Mama Kadia.

"Mtoto namuonea uchungu kama wewe, shemeji."

"Hunizidi mimi."

"Sikuzidi."

Mimi nilikuwa naangalia vidole vyangu. Kiukweli moyoni niliona Baba mdogo yuko sawa. Shida ni kwamba Mama Kadia naye alikuwa sawa, na hawa wawili hawawezi kuwa sawa pamoja.

"Basi tuhamishe kwa mama," nikasema, angalau niseme kitu. "Yeye ndiye mlezi."

"Hapana," akasema Kadia.

Tukamgeukia. Alikuwa anatafuna mkia wa nywele zake.

"Mwenye masikio akifika kumi na mbili anaruhusiwa kujiidhinishia mwenyewe. Nimesoma. Nimefika kumi na mbili tangu mvua za kwanza. Nilimwambia baba, akasema bado, bado, bado." Akamwangalia baba yake mdogo. "Masikio ni yangu. Mnabishana kama mnagombea redio."

Baba mdogo akasimama, akajikung'uta suruali.

"Mimi sikubaliani," akasema taratibu. "Na kesho pia nitakuwa sikubaliani. Lakini huyo mtendaji anapenda sana kuongea habari za mbolea. Akija nitamkalisha hapo nje mpaka mmalize hilo mnalolifanya."

*

Jumamosi asubuhi kulikuwa na ule ubaridi wa Iringa unaoingia mpaka kwenye meno. Wanawake wameshaanza kupika uani. Tukaingiza kompyuta ndani, tukafunga mlango: mimi, Mama Kadia, Kadia. Nje tulisikia, "Kamwene, kamwene," mtendaji anasalimia watu, kawahi. Kisha sauti ya Baba mdogo: "Karibu mheshimiwa, kaa hapa. Hebu niambie, hii mbolea mpya mnayotuletea, mahindi yanaungua, ni nini?"

Nikavaa. Nikavuta mguu zaidi kuliko siku zote. *Mwenyewe yupo.*

Nikaruhusu masikio ya Kadia ya siku hiyo, kisha nikafika kwenye Hamisha umiliki. Nikataja jina lote: Leokadia Aidan Kikoti. Mashine ikatulia, halafu ikauliza kwa ile sauti yake ya upole:

"Mzee, je, unampa umiliki wote kwa hiari yako? Sema ndiyo."

"Ndiyo," nikasema. Kwa sauti yake kabisa, yenye mikwaruzo ya moshi wa kuchomelea.

Kioo kikapepesa.

"Samahani, mzee. Unasema ndiyo, lakini mwili wako unakataa. Mapigo yako yanakwenda mbio. Kama kuna mtu anakulazimisha, kaa kimya, nitajifunga nikulinde. Kama hakuna, jibu tena."

Nilijua hiyo ni mara ya mwisho, nikikosea inajifunga moja kwa moja. Naweza kuigiza mguu. Naweza kuigiza kikohozi. Hiari unaiigizaje? Maana ilikuwa inasema kweli. Ndani yangu Osmund alikuwa anakataa. Osmund alikuwa anasikia, *huo siyo utani.*

Nikamwangalia Kadia. Kakaa kitandani kwa wazazi wake, magoti kifuani.

Na Mama Kadia, ambaye wiki nzima anaondoka nikivaa lile koti, akavuta kistuli akakaa karibu yangu, goti kwa goti. Hakuniangalia usoni. Aliangalia mkono wa koti.

"Baba Kadia," akasema.

Nikamgeukia.

"Baba Kadia, nina neno. Nilipaswa kukwambia ukiwa mzima, nikawa naogopa utakasirika, unajua ukikasirika unavyobamiza vyombo. Huyu mtoto amekua. Wewe umemtengenezea masikio, hakuna baba mwingine Kihesa angefanya. Lakini kila asubuhi unaamua wewe asikie nini na kwa kiasi gani. Akikwambia sauti inamuuma unamwambia atazoea. Akikwambia upunguze unamwambia ataachwa nyuma na wenzake. Nilikuwa nasikia jikoni. Nilikuwa nanyamaza." Akashika upindo wa kanga. "Sinyamazi tena. Umefanya kazi yako, umemaliza. Na mimi ninakuomba, kama mke wako, mwachie."

Sijui niliweke vipi hili. Sikuigiza kitu. Nilisahau kuvuta mguu, nilisahau sauti. Nilikuwa tu mtu anayeambiwa ukweli na mkewe, na mke ana haki, na mtu anajua hivyo, na hana tena nguvu ya kubisha. Kitu fulani kifuani kikashuka.

"Haya," nikasema. "Ndiyo. Apewe."

Mashine ikakaa. Ikakaa. Nje Baba mdogo anauliza habari za mbolea ya maji.

"Asante, mzee," ikasema. "Neno na mwili vimekubaliana."

Ile ndiyo ilikuwa ya nani, mpaka sasa sijui. Ilikuwa siyo ya Mzee Kikoti, yeye yuko chini ya udongo, Baba mdogo ana haki ya kunitazama vile anavyonitazama. Lakini ilikuwa siyo yangu peke yangu pia. Nimeifikiria sana, nikiwa natembea, nikiwa nakula. Sijapata jibu na sidhani kama nitapata.

Kwenye kioo yakatokea maneno: *Nitamsahau mmiliki wa zamani. Hii hairudishwi. Endelea?*

Mimi kidole kilikataa. Mama Kadia akaweka mkono, akautoa. Akaweka tena juu ya kioo chenyewe, siyo kwenye kitufe, kama unavyomshika mtu shavu. Akasema jambo kwa Kihehe, taratibu, sikulielewa na sikutakiwa kulielewa.

Kadia akashuka kitandani, akapita katikati yetu, akabonyeza.

Hakukuwa na mlio, hakukuwa na kitu. Kioo kikawa cheupe tu, halafu kikauliza, "Wewe ni nani? Tembea kidogo, kisha sema chochote."

Kadia akatembea mpaka mlangoni akarudi. Ana mwendo wa kurukaruka, sijui kwa nini nilikuwa sijauona kabla. Akakaa kwenye kiti bila kugombana nacho.

"Mimi ni Kadia," akasema. "Usiniite mzee."

"Mwenyewe yupo," ikasema. "Karibu, Kadia."

Mama yake akajifunika uso na kanga. Mimi nikavua koti, nikalikunja vizuri kuliko nilivyowahi kukunja nguo yoyote, nikaliweka kitandani, nikafungua mlango. Baba mdogo akaniona, akaelewa. Akamwambia mtendaji, "Haya mheshimiwa, tuandike," na sauti yake ikavunjika katikati. Mtendaji akatoa kimashine chake, akataja jina la marehemu kwa ukamilifu, na uani wanawake wakasikia, wakaanza kulia. Kile kilio cha mwisho, cha kuaga, wanachokilia kwa pamoja mpaka mabati yanatetemeka.

Nikageuka ndani kumwangalia Kadia. Mistari yake ya kijani ilikuwa kwenye kioo. Akaweka kidole, akaishusha. Akaishusha tena, taratibu, mpaka chini kabisa, ikalala.

"Kadia!" mama yake akaita. Hakugeuka. "Kadia! Osmund, imeharibika! Hasikii! Tumeua, Mungu wangu, tumeharibu!"

Akamshika mabega, akamgeuza. Kadia akaona midomo inavyokwenda, akaona machozi.

"Haijaharibika, mama," akasema, kwa ile sauti ya juu kidogo ya mtu asiyejisikia. "Nimezima mwenyewe."

Mama Kadia akamuuliza kwa mikono, zile ishara za nyumbani walizokuwa wanatumia kabla ya masikio: kwa nini?

"Wiki nzima mnalia. Mchana mnalia, usiku mnalia, na mimi nawasikia wote. Hata mimi nina msiba. Kichwa kinauma. Baba alikuwa hataki nizime hata nikilala." Akapiga miayo. "Nitawasha kesho."

Akapanda kitandani, akavuta blanketi la baba yake, akajikunja. Kabla hatujajua tuseme nini alikuwa ameshalala, mdomo wazi, na uani wanawake wanalia kwa nguvu zao zote.

Mimi kwanza niliumia, sitaki kudanganya. Haya yote tumeyafanya ili asikie. Mama yake akasimama pale muda mrefu anamwangalia anavyohema.

Mtendaji akachungulia mlangoni na kimashine chake, sauti imejaa nyumba. "Samahani jamani! Marehemu ameacha wategemezi wangapi?"

Tukarukia wote watatu, mimi, Mama Kadia na Baba mdogo aliyekuwa nyuma yake, kila mtu na kidole mdomoni, shhh, mtoto amelala. Mtendaji akanywea, akaanza kunyata.

Halafu tukaangaliana.

Mama Kadia akaanza. Alishika ukuta, akacheka kwa sauti kubwa, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho, kikaenda mpaka uani, kilio kule nje kikasita watu wanashangaa. Na Kadia akageuka upande wa pili, akaendelea na usingizi wake.